Bibi Anayetazama Masikio

Ukisimamisha gari kando ya Bibi wa Farasi na kumwambia apande, atakushukuru vizuri sana, atauliza hali ya mama yako, atauliza kama mvua imewafikia huko kwenu, halafu atakuambia utangulie. Utatangulia. Nimemwona akimfanyia hivyo mchungaji, bwana afya, dereva wa lori la mbao kutoka Shume aliyekuwa na nafasi mbele, na mimi mara zisizo na idadi, tena mvua inanyesha na tope limefika kwenye vifundo. Kutoka kwake juu ya Magamba hadi sokoni Lushoto anatembea, na kurudi mlima wote anatembea. Akiwa na mzigo anamtwika farasi, yeye anatembea pembeni.

Jina lake silitaji. Analo, liko kwenye kitambulisho cha mpiga kura, lakini akiitwa nalo zahanati hugeuka nyuma kutafuta huyo anayeitwa ni nani. Kwetu ni Bibi wa Farasi, kwa wanafunzi wake ni Bibi tu. Ni mwembamba, mfupi, suruali ya kazi ndani na kanga juu yake, gambuti miguuni, na mtandio ambao asubuhi huwa msafi na jioni huwa umetafunwa ncha.

Nataka kumwandika kwa sababu ya macho yake. Yalianza kuingia ukungu polepole, na sisi tunaoishi na ukungu hatukushtuka upesi. Siku moja nilimkuta anamkemea farasi kwa kusimama vibaya, kumbe anakemea rundo la majani ya gwatemala ya kulishia mifugo. Muuguzi wa zahanati alimmulika, akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba yanafanyiwa upasuaji mdogo kule Moshi na mtu anarudi anaona. Asipokwenda atapofuka. Na akipofuka, mpwa wake wa Tanga alishasema wazi kwamba farasi watauzwa, maana nani atamkabidhi mtoto kwa mwalimu asiyemwona? Kinachotakiwa ni kushuka tu. Lakini kushuka mlima wetu hadi Mombo na kuendelea Moshi ni safari ya gari, na Bibi hapandi gari. Swali nililokuwa nalo tangu utotoni, kwa nini huyu mama hapandi gari, likaacha kuwa umbeya wangu wa kawaida, likawa ni macho ya mtu.

Farasi wenyewe ni wawili. Bi Mkubwa ni jike mweusi, mzee, mzito wa kuamua. Kinyozi ni dume aliyehasiwa, rangi ya chai ya maziwa, na jina lake amelipata kwa haki, kwa kuwa hula kofia, vilemba, mitandio na nywele za watu bila ubaguzi wa dini. Walikuwa wa mgeni mmoja aliyekuwa na nyumba ya wageni huko juu. Bibi alikuwa mfanyakazi wake wa zizini. Mgeni alipofunga nyumba na kuondoka, farasi wakabaki. Wapo wanaosema aliachiwa, wapo wanaosema walimfuata wenyewe hadi mlangoni na hakuna aliyerudi kuwachukua. Nilipomuuliza lipi ni la kweli, aliniuliza mimi nani alinipa huu mdomo.

Anafundisha kila anayekuja. Wageni wanaokuja kutembea msituni huwafundisha siku yoyote. Lakini Alhamisi ni ya watoto, na watoto wa Alhamisi hawaji kwa raha zao. Wanaletwa. Analetwa aliyefukuzwa shule kwa ngumi, aliyefiwa akabaki na shangazi, aliyezaliwa na mguu usiokanyaga sawa. Anayewaleta huwa ni mchungaji, au imamu, au mwalimu mkuu aliyechoka. Huyo mleta mtoto huanza kueleza kwa sauti ya chini yaliyompata mtoto, na Bibi humsikiliza hadi mwisho, kisha humgeukia mtoto mwenyewe.

"Pole yako nimeisikia," humwambia. "Sasa shika ndoo."

Wengi wanaona ni ukatili. Mama yangu aliona ni ukatili, na alinipeleka hivyo hivyo.

Kabla ya ndoo lakini kuna salamu, na salamu za Bibi zimewahi kuzua kesi. Mtoto yeyote akiingia uani lazima amwamkie Bi Mkubwa. Anasimama mbele ya farasi, mikono chini, anasema shikamoo, na Bibi anaitikia kutoka popote alipo, "Marahaba, hujambo mtoto," kwa niaba ya farasi. Hoja yake ni kwamba Bi Mkubwa ana umri mkubwa kuliko watoto wote wanaokuja, na mdogo humwamkia mkubwa. Mzee mmoja wa kanisa alipanda mlima kulalamika kuwa mjukuu wake anafundishwa kumwamkia mnyama. Nilikuwepo. Bibi alimletea kigoda, akamletea chai, akamsikiliza.

"Mzee wangu, huyo mjukuu alikuwa anakuamkia?"

"Alikuwa anapita tu."

"Na sasa?"

Mzee alikunywa chai. "Sasa ananiamkia," alisema. "Anaamkia hata ng'ombe."

Wakubwa ndio walioingia matatani zaidi. Kwa sheria hiyo hiyo, mtu aliyemzidi Bi Mkubwa umri ndiye anayestahili kuamkiwa, na kwa kuwa farasi hasemi, Bibi humsemea. Mwalimu mmoja kijana, mgeni hapa, alikuja kujifunza kupanda. Bibi alimuuliza umri, akapiga hesabu, kisha huyu mwanamke wa umri wa bibi yake akasimama kando ya farasi akamwambia kwa sauti safi, "Shikamoo." Kijana wa watu aliruka nyuma. Kupokea shikamoo kutoka kwa kikongwe kwetu ni kama kutafuta laana. Alipiga magoti kwenye tope, akamwamkia Bibi, akamwamkia Bi Mkubwa, na kwa usalama zaidi akamwamkia Kinyozi, ambaye alimvua kofia.

Watu huuliza alijifunzia wapi. Sijui, na sidhani kama kuna mahali wanafundisha anavyofundisha yeye. Kwake hupandi farasi mapema. Unabeba maji, unakata majani, unasugua mgongo wa Bi Mkubwa hadi mikono iume, na muda wote huo unaulizwa swali moja tu: masikio yakoje? Yako mbele, anasikiliza kitu. Moja mbele moja nyuma, anakufikiria wewe na njia kwa pamoja. Yamelegea pembeni, amestarehe. Yamelala nyuma, ana hofu au hasira, na wewe acha unachofanya. "Mkia unaongopa," Bibi husema. "Mkia unafukuza nzi. Masikio hayana kazi ya pili." Siyo kweli kabisa, maana masikio nayo hufukuza nzi, lakini hakuna aliyewahi kumwambia.

Kitu kingine ni karoti. Kila mwanafunzi huja na karoti, na haimtoki mfukoni hadi safari iishe na miguu yake iwe chini. Ndipo unampa farasi na kumwambia hongea, yaani asante kwa Kishambaa. Ukimpa kabla, Bibi anakasirika kweli. "Ukimpa kabla umemhonga. Ukimpa baada umemshukuru." Kinyozi hakubaliani na utaratibu huu, lakini Bi Mkubwa anaujua, na ukichelewa kumpa hukusukuma kwa pua.

Mimi nililetwa Alhamisi moja ya ukungu mzito, nikiwa na miaka kumi na minne. Kaka yangu alikuwa anateremsha kabichi kwa pikipiki hadi Mombo, na siku za likizo nilikaa nyuma, juu ya magunia, kumsaidia kupakua. Kwenye kona moja chini ya Soni breki zilikataa. Kaka alifia pale pale. Mimi nilitoka na mkono uliovunjika na kitu kingine ambacho eksirei haikukionyesha. Kupanda mlima nilipanda vizuri. Kushuka nikashindwa. Nikifika mahali ardhi inapoinama mbele, magoti yalikuwa yanaisha, na nilikaa chini nikateremka kwa makalio kama mtoto mchanga. Na Lushoto, kama unapajua, ukiacha kushuka umeacha kila kitu. Shule ilikuwa chini. Kisima chini. Kanisa chini. Sketi ya shule ilichanika nyuma, wenzangu wakacheka, nikabaki nyumbani.

Mama alieleza yote hayo akilia. Bibi akasema alichosema, nikashika ndoo.

Nilitazama masikio hadi niliyaota. Halafu siku moja alinipandisha juu ya Bi Mkubwa, akaweka miguu yangu kwenye vikuku vya kukanyagia, akanipa hatamu mkononi, na akamwelekeza farasi kwenye njia ya kijitoni. Njia ile ni mteremko kuanzia hatua ya kwanza.

"Bibi, nitaanguka."

"Huenda. Masikio yakoje?"

"Yako mbele."

"Basi anajua anapokwenda. Mlegezee hatamu aangalie chini. Wewe angalia mbele. Kila mtu na kazi yake."

Nilitazamia atangulie, anishikie farasi. Hakutangulia. Kwenye mteremko Bibi hutembea nyuma, mahali usipomwona, ili usimtegemee mtu ila yule uliyemkalia. Nililia njia nzima hadi kijitoni. Kilio cha sauti, bila aibu. Masikio ya Bi Mkubwa moja lilibaki mbele na moja likarudi kunisikiliza, na hatua zake hazikubadilika hata kidogo. Chini nilishuka, nikatoa karoti, nikasema hongea, na Bibi akaniuliza kama nyumbani tumeshapanda maharage. Alhamisi iliyofuata tukarudia. Na iliyofuata. Hadi asubuhi moja nilijikuta shuleni, nimefika kwa miguu, sikumbuki ni wapi nilipoacha kuogopa. Nilimpenda yule mwanamke siku ile na sijaacha.

Usidhani lakini kwamba ni malaika. Ana ulimi mkali na anautumia kwa Kishambaa ili wageni wadhani anaomba dua. Anadai watoto wote waheshimu wakubwa, na yeye mwenyewe wanaume wazito wa kijiji anawaita "wee mgoshi", yaani wewe mwanaume, kama anaita watoto wa juzi. Swala tano hazimpiti, lakini somo la mwendo wa farasi hulifundisha kwa nyimbo za kwaya za Kilutheri, kwa maelezo kwamba Walutheri hawakimbilii mwisho wa ubeti. Utamkuta uani, kanga imefungwa kifuani, anaimba sauti ya pili huku mtoto anazunguka juu ya Kinyozi. Hapendi kuonewa huruma na hamwonei mtu huruma mbele ya watu. Ila nimewahi kumkuta zizini, paji la uso limeegemea ubavu wa Bi Mkubwa, kwa ajili ya mtoto mmoja wa Alhamisi aliyeacha kuja. Nilirudi nyuma taratibu nikapiga hodi upya, kwa sauti.

Na msichana wa ngumi, ambaye hakuna shule iliyomtaka, Bibi alimpa kazi ya kumfunga Kinyozi hatamu kila Alhamisi. Kinyozi hafungwi kwa ngumi. Ukimkaribia kwa hasira ananyanyua shingo juu kama mnazi, na wewe unabaki chini na kamba zako. Msichana alimtukana Kinyozi kwa muda mrefu sana. Baadaye nikaona anamsubiri. Siku hizi ndiye anayemsaidia Bibi kufundisha wadogo, na ni mkali kuliko Bibi.

Sasa kuhusu gari. Mimi ni mdadisi, nimezaliwa hivyo, na majibu ya Bibi nimeyakusanya miaka yote. Imamu aliambiwa ni nadhiri. Muuguzi aliambiwa ni kichefuchefu. Watoto huambiwa gari linanuka. Mama yangu aliambiwa kwamba mtu akizoea kubebwa, miguu hujisahau. Mpwa wa Tanga aliambiwa, "Kwani nikija kwako kuna nini?" Mimi nilikuwa na majibu yangu pia, na yalikuwa mazuri kuliko yote hayo. Niliamini kuna mtu wake aliyekufa barabarani, kama wangu. Nilimtungia mume, nikamtungia mtoto, nikaliweka basi korongoni. Nilitaka awe na ajali kama yangu ili tuwe sawa. Niliwauliza wazee wa Magamba kimya kimya. Hakuna basi, hakuna korongo. Mume wake alikufa kitandani, kwa homa.

Ajabu ni kwamba mimi mwenyewe, niliyeshindwa kushuka kwa miguu, leo ni dereva. Nina pikapu ya milango minne, ninateremsha karoti na kabichi za watu hadi Mombo, ninarudi na mbolea. Wanaume wa sokoni walicheka mwaka wa kwanza, wa pili wakaanza kunipa mizigo. Pale kwenye kona ya kaka yangu hupita kimya, natoa mguu kwenye mafuta, napita. Nilidhani yale mambo yamekwisha.

Muuguzi alipopata nafasi ya upasuaji Moshi na siku ikapangwa, ni mimi niliyetumwa kumwambia Bibi. Nilimkuta uani anamsugua Bi Mkubwa, mkono mmoja unasugua, mwingine unatangulia kupapasa mahali macho yasipofika. Nilimwamkia, nikamwamkia farasi, nikaitikiwa mara mbili. Nikamwambia siku imepangwa. Akaendelea kusugua.

"Nitakwenda na Bi Mkubwa," alisema.

"Hadi Moshi?"

"Taratibu."

"Bibi, farasi akishuka nyika kwenye nzi wa malale hamalizi mwezi. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Alijua. Mkono ulisimama kidogo mgongoni mwa farasi, ukaendelea. Ndipo nikauliza, siyo kwa udadisi safari hii, kwa hofu hasa. Niliona atapofuka mbele yangu kwa ajili ya jambo ambalo sijui hata linaitwaje.

"Bibi, gari limekukosea nini?"

Sikutegemea anijibu. Alisugua hadi Kinyozi akaja kuchungulia kuna nini.

"Halina masikio," alisema.

Alimsukuma Kinyozi pembeni.

"Unakaa juu ya kitu. Hakikuambii kama kimechoka, hakikuambii kama kimeona shimo, hakikuambii kama kinaogopa. Kinanguruma vile vile. Halafu na kitu hicho unashuka mlima." Alifuta mikono kwenye kanga. "Nilijaribu zamani, kabla hujazaliwa. Nilifika Soni. Nikateremka nikarudi kwa miguu. Watu wanataka hadithi ndefu, na mimi sina hadithi. Naogopa tu."

Ndiyo hayo basi. Miaka yote nilikuwa natafuta kaburi, kumbe ni hofu tupu, isiyo na marehemu, na amekaa nayo peke yake huku anawatoa wengine za kwao. Nilimwonea huruma na sikuthubutu kuionyesha.

"Gari halina," nilisema. "Lakini dereva anayo."

Aligeuka. Alinisogelea karibu sana, maana kwa mbali nilikuwa kivuli tu, akanitazama kichwa upande huu na upande huu.

"Yako yanasogea?"

"Sijui, Bibi. Sijawahi kuyaona."

Alicheka. Alicheka hadi akashika nguzo ya zizi. "Njoo Jumatatu," alisema. "Baada ya alfajiri."

Jumatatu nilimkuta amekwishavaa, kibegi mkononi, fundo la kanga limebenuka kwa kitu ndani. Msichana wa ngumi alikuwa zizini na maagizo ya kutosha mwaka mzima. Bibi alilizunguka gari langu lote akilipapasa, taa, matairi, ubavu, kama anavyokagua farasi wa mtu.

"Lina umri gani?"

"Miaka ishirini hivi."

Alisimama wima, akangoja. Nilichelewa kuelewa. Halafu nikasimama kando ya boneti, mikono chini, nikalisemea.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba," aliliambia gari. "Hujambo mtoto."

Hakutaka kukaa mbele. Alikaa kiti cha nyuma, katikati, akashika viti vya mbele kwa mikono miwili, uso wake karibu na kisogo changu. "Vua hicho kilemba," alisema. Nilivua. Nikawasha gari, na nikamsikia anavuta pumzi kama mtu anayeingia maji ya baridi.

Tulipita Lushoto mjini. Hadi Soni vidole vyake vilikuwa vinanikwaruza bega kwa jinsi alivyokamata kiti. Pale Soni nilipunguza mwendo, nikamuuliza kama anataka kuteremka. Maporomoko yalisikika dirishani.

"Yakoje?" nilimuuliza. "Masikio."

"Yamelegea," alisema. "Twende."

Tukaendelea kushuka, kona baada ya kona, mlima upande huu na bonde upande ule. Nilianza kuzoea pumzi zake nyuma ya shingo yangu. Nilifikiri Moshi, nilifikiri daktari, nilifikiri nitakavyowasimulia sokoni. Sikufikiri kingine chochote, naapa.

"Yamelala," Bibi alisema.

"Nini?"

"Masikio yako. Yamelala nyuma. Simama."

Sikuwa nimeona kitu. Nilisogeza gari pembeni, nikasimama, na ndipo nikatazama mahali tulipo. Kona ilikuwa mbele yetu kidogo. Meno yangu yalikuwa yameumana na shingo imekaza hadi kwenye mabega, na inawezekana kabisa ngozi ya kichwa ilikuwa imevutika na masikio yakaenda nayo. Nimepita pale miaka na miaka, ninatoa mguu kwenye mafuta, napita, na kila safari nilipita hivyo, na hapakuwa na mtu nyuma yangu wa kuniambia.

"Ndiyo hii?" aliuliza.

"Ndiyo hii."

Sikuwa nimelia kwa ajili ya kaka tangu ile njia ya kijitoni. Nililia pale, mikono kwenye usukani, malori yanapita yakipiga honi.  Kisha mkono wa Bibi, ule mkavu wa hatamu na ndoo, ulipita kati ya viti ukatua begani kwangu, na haukuwa unakwaruza tena.

"Pole yako nimeisikia," alisema. "Sasa shika usukani."

Nilishika.

"Wewe angalia mbele. Mimi naangalia masikio. Kila mtu na kazi yake."

Tukaipita kona ile polepole sana. Mombo joto lilitupokea, Bibi akateremka akatapika kando ya meza ya muuza machungwa, akaomba radhi, akasukutua, akarudi kiti cha nyuma. "Muuguzi sikumdanganya," alisema. "Hicho nacho kipo." Njia yote ya Same hadi Moshi ilikuwa tambarare, na aliitumia kunieleza makosa ya wanafunzi wake wote, mmoja mmoja, nikiwemo mimi.

Walimfanyia jicho moja, la pili wakasema atarudi baadaye. Alisema atarudi, kwa sauti ya mtu anayejua usafiri ulipo.

Tulifika nyumbani kwake mchana, ukungu umenyanyuka. Hakuningoja nimfungulie mlango. Alikwenda moja kwa moja zizini, akasimama mbele ya Bi Mkubwa, akafunika lile jicho bovu kwa kiganja, akamtazama. "Mbona umeota mvi?" alimuuliza. Akamtazama na Kinyozi, akamtazama msichana wa ngumi ambaye alijifanya anafagia huku machozi yanamtoka, akatazama zile gambuti zake mlangoni akasema ni chafu na zimekuwa chafu siku nyingi na hakuna aliyemwambia.

Nilikuwa nimeegemea pikapu, nimechoka, natafuta namna ya kuaga. Akaja. Alisimama mbele yangu, akanitazama upande huu na upande huu kwa jicho jipya, muda mrefu, hadi nikaona haya.

"Makubwa," alisema, "kuliko nilivyodhani."

Kisha akafungua fundo la kanga. Ilikuwa karoti, imenyauka kwa safari, bado ina udongo wa Magamba kwenye mikunjo. Nilidhani anaipeleka kwa Bi Mkubwa, nikampisha. Hakupita. Aliinyoosha kwenye kiganja kilichofunguka bapa, vidole vimekaa pamoja, kama anavyotufundisha wote kuinyoosha.

"Hongea, mwanangu," alisema.

Niliichukua nikaila pale pale, na udongo wake.